Jojo za bila sukari zinanimaliza tumbo

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi dereva wa lori, njia yangu Dar–Tunduma. Nimeacha sigara mwaka huu, sasa ili mdomo usikae bure nikahamia kwenye jojo zile zisizo na sukari maana sukari yangu ilishaanza kupanda na nilionywa. Natafuna pakiti mbili kwa siku, safari ikiwa ndefu tatu. Tumbo sasa! Linaunguruma kama injini, gesi ndo usiseme, utingo anashusha kioo hata mvua ikinyesha, na mara tatu nne kwa siku nasimamisha gari nitafute choo, inatoka maji tu. Nimepima, hakuna minyoo wala amiba. Wife kasoma pakiti akaingia gugo eti humo mna alkoholi, na mimi Muislamu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba dereva, na hongera kwa sigara, hiyo peke yake kazi.

Nianze na wife. Wakemia wanaita alkoholi kundi kubwa tu la vitu kwa jinsi molekuli zake zilivyojengwa, na sorbitoli, ule utamu unaowekwa kwenye jojo badala ya sukari, ni mmojawapo, lakini inayolewesha ni ethanoli, na sorbitoli sio ethanoli. Mengine muulize sheikh, mi nasemea tumbo.

Sasa tumbo. Utumbo mwembamba unainyonya sorbitoli polepole na sio yote, inayobaki inashuka huku inavuta maji, ndo hayo unayoyaona chooni. Kule utumbo mpana wapo bakteria kwa mabilioni na wao hawana kosa jamani, kazi yao kula ulichoshindwa kusaga, wanakichachusha kama togwa, na kikichachuka inatoka gesi: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, kwa wengine na methani. Na tuwatendee haki, humo humo wanatengeneza asidi fulani inaitwa biutireti ambayo ni chakula cha ukuta wa utumbo. Kwa hiyo sorbitoli kidogo haina neno, shida yako ni hesabu.

Jojo moja inaweza kuwa na sorbitoli gramu 1 na robo hivi. Ukifika gramu 10 watu wengi wanaanza gesi, 20 wengine wanaharisha, na wewe pakiti tatu... piga mwenyewe. Mwaka 2008 madaktari wa Ujerumani waliandika kwenye BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, habari za mwanaume wa miaka 46 aliyekuwa anatafuna jojo kama 20 kwa siku na peremende juu yake, jumla karibu gramu 30 za sorbitoli, alipungua kilo 22! Alivyoacha kuharisha kukaisha.

Acha kabisa wiki moja, ukitaka kutafuna tafuna iliki au karafuu. Ukirudia, ziwe jojo mbili tatu kwa siku. Na soma pakiti: E420 ndo sorbitoli, E421 manitoli, E965 maltitoli, E967 zailitoli, zote zinaweza kukufanyia hivyo hivyo. E968, erithritoli, ina nafuu maana nyingi inanyonywa juu na kutoka na mkojo kabla bakteria hawajaiona. Maltitoli iangalie mara mbili, ipo sana kwenye chokoleti zinazoandikwa za wenye kisukari, na inapandisha sukari, japo sio kama sukari yenyewe.

Hukuniambia kama unatumia dawa. Kama umeanzishiwa metfomini, dawa ya kushusha sukari, hiyo nayo inaharisha wengi hasa mwanzoni, usiiache kwa kichwa chako, mwambie aliyekuandikia. Na kama wiki imeisha bila jojo bado unaharisha, au unaona damu, au suruali zinaanza kukupwaya, hospitali.

Utingo mpe pole yangu.