Ukimwona saluki anazurura, usimkimbize

Msomaji wetu wa Barka, Oman, ametuma ujumbe: kuna saluki, yule mbwa mwembamba wa mbio na mawindo wa Uarabuni, anaonekana jioni nyuma ya mashamba, vijana wamemfukuza kwa pikapu mara mbili, na sasa hatokei mpaka usiku wa manane. Wafanyeje?

Waegeshe pikapu. Saluki anapita kilomita 60 kwa saa, na akishafukuzwa vya kutosha anahama kabisa. Kitu pekee mlichokuwa nacho, yaani kujua anapopita, mnakuwa mmekitupa kwa mikono yenu. Mbwa hawa huwinda kwa macho, hawafuati harufu chini kama wengine, na chochote kinachowajia kwa kasi wanakiona kutoka mbali kabla nyinyi hamjawaona. Akikaa porini siku kadhaa, akili yake yote inakuwa ya kujinusuru; hata mwenyewe akimwita kwa jina anaweza kutimua mbio. Ndiyo maana kundi la watu wema wenye tochi na miluzi linaharibu kuliko kutengeneza.

Pia hakikisheni kwanza kwamba amepotea kweli. Oman na Imarati, saluki anayetembea peke yake jirani na izba, yaani shamba la kufugia, ya ngamia huenda ana mwenyewe. Pita izba zote za karibu, uliza wachungaji. Mpige picha kwa mbali uikuze: hina kwenye nyayo, makovu ya chuma cha moto, manyoya yaliyolika shingoni kwa kola, zote ni dalili za mbwa wa mtu. Kumchukua mbwa wa mtu kwa huruma ni wizi tu. Wala usimhukumu mwenyewe kwa sababu umeona mbavu. Saluki mwenye afya huonyesha mbavu mbili tatu za mwisho na mifupa ya nyonga. Tazama mapaja na kando ya uti wa mgongo: nyama ikiwa imebonyea huko, hiyo ni njaa.

Ukishajua hana mtu, chagua sehemu moja anayopita, mbali na barabara. Weka maji na chakula chenye harufu, kwa mfano sadini za kopo au kuku wa kuchoma asiye na mifupa. Aweke mtu yule yule, saa ile ile, kisha aondoke. Asikae kuchungulia, funga kamera inayowaka kwa mwendo ikutazamie. Akila jioni tatu nne mfululizo, leta kizimba cha mtego.

Kwenye kizimba ndipo haraka inapowaponza watu, maana huazima kile cha kunasia paka. Saluki anahitaji urefu wa sentimita 150 hivi na kimo cha 75. Kikiwa kifupi, anakanyaga kibao cha kufyatulia huku mapaja yako mlangoni bado. Mlango unamwangukia mgongoni, anachomoka, na kuanzia hapo hatakanyaga kizimba cha aina yoyote. Fungeni mlango kwa waya ubaki wazi, mwagieni mchanga sakafuni kwa sababu nyayo zake hazitaki wavu, halafu kila usiku sogezeni chakula ndani kidogo hadi kipite kile kibao. Akiwa anaingia na kula bila kugeuka nyuma, hapo ndipo mfungue waya. Tegeni wakati wa magharibi, mtu abaki garini akitazama, mtegue kabla ya jua kuchomoza. Kizimba cha chuma chini ya jua la Julai kinaua mbwa asubuhi moja.

Wapo wanaosogelea mtu wenyewe. Kwa huyo, kaa chini, ubavu umwelekee, usimtazame machoni, usimwite, mrushie vipande vya nyama pembeni yako. Usimdake hata akinusa mkono wako. Subiri ale mkononi na akubali kuguswa kifuani, ndipo umpitishie kitanzi.

Sasa shingo. Kichwa cha saluki ni chembamba kuliko shingo yake, kwa hiyo kola ya kawaida inavuka masikio akirudi hatua mbili nyuma, na wengi huponyoka siku ile ile waliyokamatwa, kwenye maegesho ya daktari. Tumia kola inayojibana akivuta, ile ya martingeli, yenye upana wa sentimita 4 au 5, pamoja na mkanda wa kifuani. Kila kimoja kiwe na kamba yake. Mlango wa gari usifunguliwe kabla kamba zote mbili hazijazungushwa kwenye kiganja.

Akikung'ata, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kipo kwa mbweha wa Oman. Usijifariji kwamba ni mkwaruzo tu.

Huruma nyingine inayoua ni sahani iliyojaa wali. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu akishiba wanga ghafla, fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Saluki wa kilo 20 akiwa amepumzika anahitaji kilokalori 660 hivi kwa siku. Anza na theluthi yake, yaani gramu 130 za kifua cha kuku kilichochemshwa, ugawe mara tano au sita, upandishe taratibu kwa siku nne au tano, daktari akijua.

Kwa daktari wa mifugo, chipu, kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, itafutwe shingoni, mabegani, hata miguu ya mbele, kwa kuwa huteleza. Ina tarakimu 15. Zikianza na 9, tatu za mwanzo mara nyingi ni za mtengenezaji, hazikutajii nchi. Mkumbushe daktari kwamba damu ya mbwa hawa si kama ya wengine: seli nyekundu kuwa asilimia 40 ya damu kwa mbwa wa kawaida ni sawa, lakini saluki mara nyingi hupita 50, kwa hiyo 40 ni sababu ya kupima magonjwa ya kupe, hasa ehrlichia na babesia. Thiopentali, dawa ya usingizi, isitumike kumlaza. Hana mafuta mwilini na huchelewa mno kuamka.

Mtangaze wiki mbili angalau, na ufiche alama moja kwenye tangazo. Anayedai ni wake aitaje.

Asipotokea mwenyewe, nyumba mpya iwe na ukuta wa mita 1.8 kwenda juu. Mjaribu mbele ya paka, mbuzi na kuku akiwa amefungwa mdomo kwa kikapu na ameshikwa kamba: akiduwaa, mwili umekakamaa, hageuki hata kwa nyama, hafai nyumba hiyo, na usikubali kuambiwa atazoea. Godoro nene ni lazima, viwiko vyake havina nyama. Kwenye familia za Kishafii swali la najisi litaulizwa, basi lijibiwe kabla hajafika: vyombo vyake peke yake, mahali pake peke yake, na chombo alichokiramba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mabedui wenyewe walimruhusu saluki hemani, lakini usitumie hoja hiyo kumlazimisha bibi wa watu.

Akipata mtu wa kumchukua Ulaya, kutoka Oman utaratibu una mpangilio usiopinduliwa: chipu, kisha chanjo ya kichaa, damu ichukuliwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kingamwili zifike 0.5 IU kwa mililita, halafu miezi mitatu ya kungoja tangu siku ya kutoa damu. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, mnaanza upya. Ukimkamata Februari na ukachelewa kidogo, tarehe ya kusafiri inaangukia kiangazi, na mashirika mengi ya ndege hayapakii mnyama kwenye joto lile, kwa hiyo tafuteni mapema wa kumlea hadi Oktoba.