Kijiti cha Hatua Thelathini na Tano

Msimu wangu wa pili wa kuwinda bata mzinga wa porini hapa jimbo la Missouri, Marekani, nilimjeruhi dume mmoja na sikumpata. Jambo hilo nimekaa nalo miaka sita. Naliandika leo kwa sababu kila majira ya machipuko yakikaribia, vijana wetu waliohamia huku hunipigia simu: nianzeje, ninunue bunduki gani, nikakae wapi. Bado hajatokea wa kuniuliza ni wakati gani asifyatue.

Dume yule alikuwa akinijibu tangu alfajiri. Nikikwaruza kisanduku changu cha mbao kutoa mlio wa jike, naye anaupasua msitu kwa sauti. Alipojitokeza ukingoni mwa shamba alikuwa mbali, ila alisimama akajitutumua, mkia ukafunguka kama pepeo la ukili, na kichwa kikawa kinabadilika rangi huku namtazama: chekundu, cheupe, cha buluu. Moyo ulinienda mbio. Nikajiambia bunduki inafika, nikafyatua. Alianguka kifudifudi, akapigapiga mbawa, kisha akainuka na kukimbilia bondeni huku bawa moja likiburura. Nilimtafuta mpaka saa 7 mchana, na jioni nikarudi tena bila bunduki. Nilichokiokota ni manyoya manne, na damu kidogo juu ya jani la mwaloni. Nikapima kutoka kwenye mti niliokalia: yadi 58.

Leseni nilikuwa nayo. Saa ilikuwa ya halali, na ndege mwenyewe alikuwa wa halali. Hata kama afisa wa wanyamapori angekuwa amesimama nyuma yangu, asingekuwa na kosa la kuniandikia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sheria inakuonyesha mpaka wa mwisho tu, na mambo mengi yanayomfanya mtu awe mwindaji wa kweli hutokea kabla hajaufikia mpaka huo.

Marehemu baba yangu aliwinda kanga Singida kwa gobore. Ukishafyatua gobore, kulishindilia tena kunachukua muda na kanga wameshatawanyika, kwa hiyo alikuwa anasubiri. Nimemwona akilala kifudifudi nusu saa na kurudi nyumbani mikono mitupu bila kunung'unika. Subira yake ililindwa na silaha yenyewe. Bunduki yangu inaingiza risasi tatu, na siku hizi zipo risasi za punje za tungsteni ambazo wauzaji wanazisifu kwa kufika mbali sana. Sasa hakuna chombo kinachokulazimisha kusubiri. Lazima ujilazimishe mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya msimu nenda kwenye uwanja wa shabaha ukapige karatasi. Usiishie kuangalia kama umeipiga, hesabu matundu. Marisawa, yaani zile punje ndogo za risasi, hutawanyika kadiri yanavyokwenda, na kwa bata mzinga shabaha ni kichwa na shingo tu, kitu chembamba kama mpini wa jembe. Mwili wake mkubwa unadanganya. Kifua kimefunikwa na manyoya na nyama nene, na punje zikiingia pale zinamtesa bila kumwangusha. Wazoefu wa huku wanataka angalau punje 100 ndani ya duara la inchi 10. Umbali ambao bunduki yako inaanza kushindwa hesabu hiyo ndio mwisho wako, hata jirani akikuambia ya kwake inafika yadi 60. Mimi niliona yangu inalegea baada ya yadi 40, nikajikatia 35. Tangu hapo kila alfajiri, kabla sijakaa, nahesabu hatua 35 kuelekea upande ninaotarajia ndege aje, nachomeka kijiti. Ndege ambaye hajavuka kijiti si wangu.

Kwa sisi tunaochinja, jambo hili lina uzito zaidi. Mimi husema bismillah nikifyatua, kisu kiko kiunoni, na ndege akianguka nakwenda mbio nimwahi. Yule wa yadi 58 hakuchinjwa wala hakuliwa na mtu. Niliua, au nilitesa, bure.

Na ndege wenyewe hawakuwapo tu kama majani. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wameuawa na misitu yao kukatwa mpaka majimbo mengi ya Marekani hayakuwa na hata mmoja. Hapa Missouri kufikia miaka ya 1950 walikuwa wamebaki elfu chache. Walirudi kwa kazi ngumu: maafisa waliwanasa kwa nyavu zilizorushwa kwa mizinga midogo, wakawapakia kwenye magari na kuwaachia katika misitu mingine. Sehemu kubwa ya fedha za kazi kama hiyo ilitokana na kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa kwa wanyamapori na sheria ya mwaka 1937. Msimu wa kwanza wa machipuko ulifunguliwa 1960, siku tatu tu, wakapatikana ndege 94 jimbo zima. Mwaka 2004 walipatikana zaidi ya 60,000. Baada ya hapo idadi imeshuka, na si hapa peke yake. Alabama ilipunguza kiwango cha mwindaji kutoka madume matano hadi manne mwaka 2022, na Tennessee ikapunguza kutoka watatu hadi wawili mwaka uliofuata. Ukielewa hivyo, kibali cha ndege wa pili unakishika kwa namna nyingine. Missouri inaniruhusu wawili. Nyumba yangu inatoshwa na mmoja, kwa hiyo nikimpata huyo, siku zilizobaki naingia msituni kusikiliza tu.

Kuna suala la jike mwenye ndevu. Sheria ya machipuko hapa inaruhusu dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana, yaani kile kishungi kinachoning'inia kifuani. Majike wachache wanakuwa nacho. Mwaka juzi mmoja alinipitia kwa hatua kumi na mbili hivi. Kishungi chake kilikuwa chembamba kama kamba ya kiatu, manyoya ya kifua yana ncha za kahawia, na alikuwa akinyonyoa majani machanga bila haraka. Kidole kilikuwa karibu na kifyatulio. Nikafikiria kwamba mahali fulani karibu, chini kabisa kwenye majani makavu, huenda yapo mayai kumi au kumi na mawili yanayohitaji siku 28 za joto lake. Niliinamisha mtutu. Wapo watakaokuambia mmoja hapunguzi kitu. Mimi nasema mwache.

Usimpige ndege akiwa bado juu ya mti anakolala, hata kama mwanga unatosha. Usimwage mahindi ya kuwavutia, hilo ni kosa kisheria pia. Na ukisikia mwindaji mwingine ameshaanza kumwita dume unayemtaka, ondoka, umwachie, hata kama wewe ndiye uliyemgundua jana.

Hili la watu wengine nalitilia mkazo kwa sababu wawindaji wamepigwa risasi na wenzao wakidhaniwa ni ndege. Usivae chochote chekundu, cheupe au cha buluu. Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako. Usinyemelee sauti ya bata mzinga, maana unayemnyemelea anaweza kuwa baba wa mtu mwenye kisanduku mkononi. Kuna mtindo wa kutambaa ukiwa umejificha nyuma ya mkia wa dume uliokunjuliwa. Kwenye ardhi ya umma, tafadhali, usiufanye kabisa. Na ukimwona mtu anakuja upande wako, usimpungie mkono, mwite kwa sauti kubwa. Asubuhi yako itaharibika, na hiyo si hasara.

Aprili iliyopita nilikwenda na mwanangu wa miaka tisa. Dume mkubwa alitoka kwenye mialoni pamoja na majike watatu, akasimama mbele yetu kwa muda mrefu akijitutumua na kuburuza ncha za mbawa, tukisikia kabisa zikikwaruza majani. Mwanangu alikuwa ameshika goti langu kwa nguvu. Nilimwita kwa sauti ya chini kabisa, akanyoosha shingo, akatazama, hakusogea. Majike walipopanda mlimani akawafuata.

"Baba, mbona hukumpiga?"

"Hakuvuka kijiti."

Hakujibu. Niliondoa risasi kwenye bunduki, tukainuka. Yeye akatangulia mpaka kwenye kijiti, akageuka kunitazama, kisha akaanza kutembea kuelekea pale dume alipokuwa amesimama, akihesabu kwa sauti. Alipofika kwenye majani yaliyochakurwa akasimama.

"Kumi na tisa, baba. Hatua kumi na tisa zaidi."