Muulize Shangazi: Mke wangu amenivunjia heshima mbele ya wenzangu kwa ajili ya albamu ya Queen

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume wa miaka 54, mkaazi wa Mjini Unguja, na ni mpenzi wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, tangu nilipokuwa skuli. Kila ifikapo tarehe 5 Septemba, siku aliyozaliwa mwimbaji wake Freddie Mercury, wenzangu hukusanyika kwangu tukanywa kahawa na kuzungumza muziki. Mwaka huu tulijadili albamu ya Hot Space, ambayo mimi naamini ndiyo iliyoiharibu bendi ile. Mke wangu, ambaye hajui lolote katika muziki wa roki, aliingilia mazungumzo akasema kuwa albamu ni nzuri na kwamba sisi hatujaisikiliza. Wenzangu walicheka. Walipoondoka nilimwambia neno moja tu, na kaseti yake ya albamu hiyo nikaiondoa nyumbani ili isizidi kuleta fitina. Siku ya pili akapanda boti kwenda Chake Chake kwa kaka yake, na hadi leo hajarudi wala hapokei simu zangu. Je, si haki yangu aniombe radhi mbele ya wale wale walionicheka?*

*Aliyefedheheshwa, Unguja*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kuchekwa ndani ya nyumba yako na watu uliowakaribisha kwa kahawa na haluwa yako kunauma, wala sikatai. Pole hiyo ipokee yote sasa hivi, kwa sababu huko mbele haiko nyengine.

Wasomaji wajue kwamba barua hii nimeifupisha sana. Barua yenyewe ilikuwa kurasa kadhaa, na takriban zote zilikuwa juu ya magitaa, vinanda vya umeme na makosa ya watu wanne wa Uingereza, huku mke akipewa mistari michache ya mwisho, kana kwamba ni mpangaji aliyehama bila ya kulipa kodi. Lakini katika kurasa hizo ulizozijaza kwa hasira umeniachia mambo ambayo nadhani hukukusudia niyaone, na mimi kazi yangu ni kuyaona.

Unasema mkeo aliingilia mazungumzo. Kurasa mbili baadaye umeandika kuwa alipoleta sinia la kahawa, mmoja wa wenzako alimuuliza kwa utani, "Na wewe bibi, unasemaje?" Mtu aliyeulizwa akajibu hakuingilia kitu. Unasema tena kuwa hajui lolote, lakini umenieleza, kwa kejeli, kuwa yeye ni "mtoto wa mpiga fidla", na kwamba marehemu baba yake alipiga taarab umri wake wote. Kisha ukalalamika kuwa usiku urudipo kutoka barazani huikuta ile kaseti ndani ya redio, imefika mwisho wa upande wa pili. Mwanangu, kaseti haijipeleki yenyewe mpaka mwisho wa upande wa pili. Usiku ambao wewe uko barazani unaihukumu albamu, yuko mtu nyumbani kwako anaisikiliza.

Sasa tuje kwenye albamu yenyewe, kwa kuwa ndiyo unayoiita chanzo, na nimeisikiliza tena kabla ya kukujibu kwani sipendi kutoa hukumu bila ya kukiona kielelezo. Hot Space ilitoka Mei 1982, ikiwa na nyimbo 11. Madai yako dhidi yake nayajua, na mengi yana msingi. Ni kweli kwamba bendi hii katika miaka ya sabini ilikuwa ikiandika kwenye majalada ya santuri zake kuwa hakuna sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti, iliyotumika humo, na kwamba hapa zimejaa tele, pamoja na mashine ya kupiga ngoma. Ni kweli kwamba gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, limesukumwa pembeni katika upande wa kwanza, na kwamba albamu ya 1980, The Game, ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, ilhali hii iliishia nafasi ya 4 Uingereza na ya 22 Marekani. Body Language kwa masikio yangu ni wimbo mwembamba, na sitagombana na mtu anayeuruka.

Ila wewe umekwenda mbali zaidi. Umeandika kwamba unaipinga albamu hii "kwa kumtetea Freddie, mtoto wetu wa Mji Mkongwe, aliyeharibiwa na disko za Ulaya". Hapo nimeweka barua chini nikacheka peke yangu. Freddie, aliyezaliwa hapa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara na akaondoka na wazee wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, hakuburutwa na mtu kwenye muziki ule. Aliutaka. Yeye na John Deacon, mpiga besi, ndio waliovutika zaidi na mdundo wa dansi, na Deacon alikuwa na sababu, kwani wimbo wake Another One Bites the Dust ulikuwa umewapa namba moja Marekani. Waliokuwa na mashaka ni Brian May na Roger Taylor, mpiga ngoma. Kwa hiyo mtu anayeichukia Hot Space amesimama upande wa mpiga gitaa dhidi ya mtoto wa Mji Mkongwe. Si dhambi kusimama huko, lakini usiite kumtetea Freddie.

Hata ile habari ya albamu kuanguka Marekani hukuieleza kwa ukamilifu. Disko lilikuwa limeshapigwa vita kule kabla ya albamu hii kurekodiwa. Julai 1979 santuri za disko zililipuliwa kwa baruti katika uwanja wa besiboli mjini Chicago mbele ya umma uliokuwa ukishangilia. Bendi ya roki iliyofika miaka mitatu baadaye na matarumbeta na mdundo wa fanki ilikuwa inagonga mlango ambao wenyewe walikuwa wameshaufunga, na hilo halikuthibitisha kuwa nyimbo ni mbovu. Sikiliza onyesho lao la Milton Keynes la Juni 1982, ambalo lilitolewa baadaye: Staying Power, wimbo ule ule wa albamu hii unaoudharau, unapigwa kwa gitaa na ngoma zinazopigwa na mtu mwenyewe, na unatikisa.

Kisha kuna upande wa pili, ambao katika kurasa zako zote hukuutaja isipokuwa kusema kwamba Under Pressure "haihesabiki" kwa kuwa ni ya 1981 na yumo David Bowie, mwimbaji asiye wa bendi hiyo. Kwa nini isihesabike? Imo ndani ya albamu. Umo pia Put Out the Fire, wenye gitaa lote unalolililia. Umo Life Is Real, ambao Freddie alimwandikia John Lennon wa Beatles aliyeuawa Desemba 1980, na umo Las Palabras de Amor wa Brian May, walioutoa baada ya kuzuru Amerika ya Kusini. Mkeo, kwa maneno uliyoyanukuu wewe mwenyewe kwa kumdhihaki, alisema: "Nyinyi mnagombana juu ya upande mmoja." Alisema kweli. Nyumba njema si mlango, na wewe miaka yote hii umesimama kizingitini unapiga kelele.

Na hilo halikuwa jambo zito zaidi alilolisema. Umeandika kwamba alimalizia kwa "upuuzi wa taarab", na huo upuuzi umeunukuu: kwamba hata wazee wetu walinuna hivyo hivyo vinanda vya umeme vilipoingia kwenye taarab. Mwanangu, huo si upuuzi. Wewe kwa umri wako unakumbuka miaka ya tisini, pale taarab ya kisasa ilipokuja na rusha roho yake, kundi la East African Melody wakitia mdundo ambao watu waliuinukia kucheza badala ya kukaa kwenye viti na kwenda kutunza kwa adabu. Waliozoea fidla, udi, kanuni na mashairi ya mafumbo, kwa mtindo wa kikundi cha Ikhwan Safaa, walisema muziki umekufa. Haukufa. Ikhwan Safaa, walioanza 1905, wapo, na rusha roho nayo ipo. Mkeo alikulia katika nyumba ya mpiga fidla katika miaka hiyo, na bila ya shaka aliyasikia mabishano hayo usiku kucha kutoka chumba cha pili. Katika ukumbi wako usiku ule alikuwepo mtu mmoja tu aliyewahi kuuona muziki ukibadilika ndani ya familia yake, naye ndiye aliyekuwa ameshika sinia.

Wenzako hawakukucheka kwa sababu mke amevunja heshima. Walicheka kwa sababu hoja ilikuwa nzuri na wewe hukuwa na jawabu.

Nirudi kwenye lile "neno moja tu". Katika barua hii umekumbuka kwamba matarumbeta ya Staying Power yalipangwa na Arif Mardin, ukakumbuka mpangilio wa nyimbo na nafasi katika chati za nchi mbili, lakini neno ulilomwambia mkeo hukuliandika. Mwanamke aliyekaa na wewe zaidi ya miaka ishirini hapandi boti ya Pemba kwa neno la kawaida. Nakisia kwamba neno hilo lilimgusa baba yake, kwa sababu dharau ya "mtoto wa mpiga fidla" imekutoka hata kwangu, mtu usiyenijua. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lingekuwa limeshapona sasa.

Na bado sijafika kwenye kaseti, ambayo umeipitia kwa haraka kana kwamba ni chombo kilichovunjika. Umenieleza, tena kwa kuchekesha, kwamba juu ya karatasi yake marehemu mkweo aliandika jina la bendi kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa buluu, na kwamba pembeni mwa nyimbo mbili tatu alitia alama ndogo za duara. Wewe uliona kichekesho. Mimi nimeona mzee wa fidla aliyeletewa kaseti ya wageni, akaketi akaisikiliza kwa makini hadi akatia alama penye kitu cha kujifunza, jambo ambalo wewe na wenzako, pamoja na mapenzi yenu yote, hamjalifanya. Mwandiko ule ni urithi wa mtoto wake. Na wewe usiku ule ule umeutoa nyumbani na, kama ulivyoandika mwishoni kabisa, umeuweka "kwa rafiki yangu mmoja". Yaani umekichukua kitu cha marehemu baba yake ukampa mmoja wa watu waliocheka. Halafu unaniuliza nani amuombe radhi nani?

Naona siku hizi ndoa nyingi zinakwenda hivi, na wala si kwa wapenzi wa roki peke yao. Mwanamme anamjua mshambuliaji wa timu ya Uingereza tangu alikozaliwa, lakini hajui mkewe anaimba nini akiwa jikoni. Mke naye anajua ugomvi wote wa watu maarufu walio kwenye simu yake, na hajui mumewe amekuwa akimuogopa bosi gani mwaka mzima. Kila mmoja ana vitu vyake vya masikioni, na kila mmoja analalamika kuwa hasikilizwi. Wazee wetu walikuwa na redio moja, na redio moja inawalazimisha watu wawili wabishane juu ya wimbo mmoja. Nyinyi mlikuwa na bahati ambayo wengi hawanayo: mnapenda bendi moja. Mmeishi katika nyumba moja na albamu moja, yeye akiisikiliza na wewe ukiilaani, na haikukupitikia hata siku moja kurudi mapema kutoka barazani ukakaa naye.

Kwa hiyo jawabu langu ni hapana. Hakuombi radhi mbele ya mtu. Utakayeomba ni wewe, na kwa utaratibu huu. Kwanza nenda kwa huyo rafiki yako leo, si kesho, uichukue kaseti, na ufungue uone kama karatasi yake imo. Ikiwa mtu ameitupa, nisikufiche, una kazi kubwa zaidi ya niliyoieleza hapa. Usimtume mtu, wala usiitie kwenye bahasha ukampa baharia. Panda boti mwenyewe mpaka Mkoani, na kutoka hapo nenda Chake Chake kama wanavyokwenda watu wengine, bila ya kutanguliza mjumbe wala wazee, kwa kuwa bado hamjafika huko.

Ukifika, kaseti umpe mkononi, na radhi umuombe kwa lile neno, ulitaje kama lilivyo, kwa sababu yeye analikumbuka hata kama wewe umelisahau barabarani. Shemegi yako nenda naye kwa adabu. Umeandika kuwa yeye pia anaipenda albamu hiyo na kwamba ndiye "aliyemtia jeuri" mkeo. Yumkini ni kwamba watoto wawili wa nyumba moja walisikia kaseti moja. Jioni, mkishakunywa chai, mazungumzo ya Hot Space yatazuka, maana nakujua sasa hivi hata kwa barua moja tu. Yakizuka, wewe nyamaza, mwache mkeo aseme kwanza, na ukitaka kutia neno, muulize zile alama za duara baba yake alizitia kwenye nyimbo zipi.