Mtandao Ukinyamaza, Mota Ifanye Nini? Kwa Mafundi Wapya wa Viwandani

Wadogo zangu mnaoingia viwandani Jinja na Namanve hapa Uganda, inanisikitisha kuona vijana hodari wakiunganisha draivu, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, kwenye mtandao wa mawasiliano wa kiwanda, wakiona kasi ya mota inasomeka kwenye skrini, kisha wakifunga mlango wa paneli na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza imeanza.

1. Amueni mapema mota itafanya nini mawasiliano yakikatika. Katika kiwanda kimoja cha nafaka nilichowahi kufanya kazi, mkanda wa kulisha kinu uliendeshwa kwa amri za PLC, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mashine, kupitia Modbus, lugha ambayo vifaa vya viwandani hutumia kuwasiliana. Siku moja waya wa mawasiliano ulichomoka kwenye terminali kwa sababu ya mtetemo, na muda mfupi baadaye kinu kikazidiwa na mzigo, kikajizima. PLC iliamuru mkanda usimame, lakini amri haikufika. Draivu ilikuwa imeachwa na muda wa kusubiri mawasiliano wa sifuri, na katika draivu nyingi sifuri maana yake ni kwamba haichunguzi chochote, bali inaendelea kutii amri ya mwisho iliyopokea. Kijana wa chumba cha udhibiti alibonyeza kitufe cha kusimamisha kwenye skrini mara kwa mara, huku skrini ikimwonyesha kasi ya zamani ambayo programu ilikuwa imeihifadhi. Mahindi yalifunika mdomo wa kinu na kuzagaa sakafuni, hadi mzee mmoja wa zamu alipovuta kamba ya dharura iliyofungwa kando ya mkanda. Kamba ile ilikuwa na waya wake hadi kwenye draivu, haikutegemea mtandao, na mkanda ukasimama papo hapo.

Kwa hiyo wekeni sekunde chache za kusubiri, kisha chagueni kulingana na mashine: mkanda usimame, lakini feni inayopoza tanuri huenda ikafaa iendelee kwa kasi maalumu. PLC nayo itume namba inayobadilika kila sekunde, na namba hiyo ikiganda, skrini itoe tahadhari. Baada ya hapo chomoeni plagi ya mtandao mota ikizunguka bila mzigo, mwenye mashine akiwa amesimama hapo. Asiyefanya jaribio hilo asiniombe sahihi ya makabidhiano.

2. Kitufe cha dharura kiwe na waya wake, kama ile kamba ya mzee.

3. Laini ya RS-485, yaani nyaya zinazobeba mawasiliano hayo, ipite kifaa hadi kifaa, isitawanyike kama matawi; rezista za omu 120 ziwe kwenye ncha mbili tu, na kebo yake ikae mbali na kebo za mota.

4. Someni kibati cha mota, kile kibandiko cha chuma chenye takwimu zake. Mota ya poli nne kwenye umeme wetu wa hezi 50 ina kasi ya sinkronia, yaani kasi ya uga wa sumaku unaoizungusha, ya mizunguko 1500 kwa dakika, lakini kibati kitaandika pungufu kidogo, na hiyo pungufu ndiyo ya kuingiza kwenye draivu. Nimewakuta vijana wakiingiza 1500 kwa kuamini kwamba kibati kimekosewa!

5. Mkizima umeme, subirini kapasita zitoe chaji kwa dakika zilizoandikwa kwenye draivu, kisha pimeni kabla ya kugusa.

6. Hifadhini nakala ya vigezo, yaani mipangilio ya draivu, kila mnapovibadilisha, na orodha ya anwani, yaani namba ya kila kifaa kwenye mtandao, ibandikwe ndani ya mlango wa paneli, ili radi ikiunguza draivu usiku, fundi wa zamu aweze kufunga nyingine bila kuwapigia simu.