Kwa nini wanaolipwa fao la ulemavu ni wengi milimani Kentucky?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Lexington, Kentucky, nahudumia wazee majumbani. Nikipangiwa kaunti za mashariki, kule milimani, nakuta nyumba nyingi zina mtu anayelipwa fao la ulemavu, wengine hata miaka 60 hawajafika. Wenzangu wanasema watu wa kule ni wavivu. Ni kweli?
– Msomaji, Lexington

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na neno hilo linaniuma. Fao la mfanyakazi mlemavu hutoka Social Security, yaani mpango wa hifadhi ya jamii wa Marekani, na hupewa aliyekuwa akikatwa mchango kwenye mshahara wake. Kwa kawaida awe amechangia miaka 5 kati ya 10 ya mwisho, na vipimo vionyeshe hataweza kazi ya maana kwa mwaka mzima au zaidi. Mvivu angechangia lini?

Kwa idadi tupu, kaunti ya Jefferson, yaani Louisville, ndiyo inayoongoza kwa wapokeaji, maana ndiko watu waliko. Ila ukigawanya kwa wakazi, milima inapanda: Pike, Floyd, Harlan. Kazi ya kule ilikuwa makaa ya mawe. Niliwahi kumjazia fomu mzee mmoja wa huko. Kila baada ya maneno matatu alinyamaza avute pumzi. Mikononi alikuwa na alama za buluu, vumbi la makaa lililobaki chini ya ngozi vidonda vilipopona.

Migodi ilipofungwa vijana wakahama, wakabaki wenye umri na maumivu. Uwiano usipande vipi? Tena sheria huangalia umri, elimu na kazi ulizozoea. Karani mwenye mgongo mbovu ataambiwa arudi kwenye kiti chake. Mchimbaji wa miaka 55 aliyeishia darasa la nane, kiti chake kiko wapi? Kaunti ya Sumter, Florida, nayo imejaa wanaolipwa na Social Security hiyohiyo, lakini wale ni wastaafu waliohamia huko na akiba zao. Zaidi ya nusu ya wakazi wamevuka 65.

Hao wagonjwa wako wakifikisha umri kamili wa kustaafu, ambao ni 67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, fao la ulemavu hugeuzwa kuwa la uzeeni, kiasi kilekile. Kwa hiyo akikuonyesha barua ya mabadiliko hayo, mtulize. Hahitaji kuomba upya.