Wafuasi 11,000 na bado huna kazi: jibu langu kwa binti wa Njiro

Jumanne usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Njiro, hapahapa Arusha. Ameniruhusu niuweke bila jina lake. "Shikamoo dada. Nimemaliza chuo mwaka jana. Ukurasa wangu wa Instagram una wafuasi 11,000. Nimepeleka maombi ya kazi ya masoko ya mitandaoni kwenye kampuni za utalii zaidi ya ishirini, zote zinaniambia tutakupigia. Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu palepale, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikaona jibu ni refu, na wanaoniuliza swali hilihili ni wengi. Wote mnataka kilekile nilichokitaka mimi: kazi ya kutumia simu na akili, mshahara unaoeleweka, na mama nyumbani aache kuuliza "hiyo kazi ya kuchezea simu itaisha lini?" Basi nitawaeleza nilikopita.

Sikusomea masoko. Mpaka mwanzoni mwa 2020 nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja si mbali na Mnara wa Saa. Corona ilipoingia, wageni walifuta safari mmoja baada ya mwingine, na Aprili ndege za kimataifa zikasitishwa. Tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Nikapanda Coaster ya Moshi na begi langu, nikarudi nyumbani Kibosho. Nilikaa kihambani kwa mama wiki mbili nikikata majani ya ng'ombe na kulia usiku. Ndipo mama mdogo akapiga simu: njoo sokoni Kiboroloni, hapa Moshi, unisaidie kuuza viatu.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, kwenye meza ya mtumba. Nasema hivi kwa sababu nimekaa kwenye semina za vijana, na kila mmoja anaanza na kamera, taa na programu ya kuhariri video. Mimi nilianza na simu iliyopasuka kioo.

Mama mdogo alikuwa na tabia moja. Mteja akipita mbele ya meza, hata kama hajasimama, anatajiwa bei. "Elfu nane hicho mama, shika uone ngozi." Hasubiri aulizwe. Nilipomfungulia ukurasa wa Instagram nikafanya kama nilivyoona wenzangu wanafanya, nikaandika chini ya kila picha "bei njoo inboksi". Wiki nzima tuliuza jozi mbili. Mama mdogo akaichukua simu, akasoma, akaniuliza, "Sasa huyu umemwambia nini? Amekuja mezani, wewe unamwambia azunguke nyuma ya kibanda?" Kuanzia siku ile kila picha ilikuwa na bei, na mpaka leo sijawahi kumfanyia mteja kazi bila kuandika bei, isipokuwa biashara yenyewe iwe na sababu ya kweli ya kutokuandika.

Jambo la pili lilikuwa namba. Kiatu cha mtumba kinakuja na namba ya kokote kilikotoka: kimoja kimeandikwa 38, kingine 5, kingine namba imefutika kabisa. Watu walikuwa wananunua, kiatu kinawabana, wanarudisha kwa basi na lawama juu. Nikaazima futi ya fundi cherehani wa kibanda cha jirani, nikawa naiingiza ndani ya kiatu mpaka iguse kidole cha mbele, napiga picha futi ikiwa humohumo, naandika: urefu wa ndani sentimita 24, elfu kumi na mbili, kisigino kimechakaa kidogo upande wa kulia. Kile kisigino nilikuwa nakipiga picha yake peke yake. Mama mdogo aliogopa kwamba tunajiharibia biashara. Viatu viliacha kurudi. Wateja wa Dodoma na Dar es Salaam ambao hawajawahi kutuona wakawa wanatuma hela kwanza, mzigo baadaye.

Miezi iliyofuata sitaielezea. Ilikuwa kupiga picha, kujibu, kufunga mizigo na kukimbia nayo stendi.

Ila kuna usiku mmoja lazima niutaje. Jumatatu, Oktoba 4, 2021, jioni, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa kama saa sita. Nilikuwa na oda tano zilizokwisha kulipiwa, mabasi yanaondoka alfajiri, na majina ya wapokeaji, namba zao na mikoa yao vyote vilikuwa ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Nilikaa kitandani nikifungua na kufunga simu kama mwehu. Mtandao ulirudi usiku wa manane, nikazinakili oda zote kwenye daftari kwa mkono unaotetemeka. Daftari lile ninalo. Mteja akinunua, jina na namba vinaingia kwenye daftari siku hiyohiyo. Ukurasa ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba yuko California na hakujui.

Watalii walipoanza kurudi nikarudi Arusha. Kampuni moja ya kupandisha wageni Kilimanjaro ilikuwa inatafuta mtu wa mitandao, wakaniahidi shilingi 350,000 kwa mwezi. Sitaitaja. Tulikubaliana kwa mdomo, ofisini, tukinywa chai, bosi akaniambia "hapa sisi ni familia". Nikafurahi. Mdogo wangu, ukiambiwa neno hilo siku ya kwanza, omba karatasi.

Wiki ya tatu nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unanipata moto. Niliandika tangazo zuri la njia ya Machame, nikaweka picha ya mawingu, nikaandika kwamba wageni watalala kwenye vibanda vya mbao. Mgeni mmoja wa Ujerumani aliyekuwa karibu kulipa akauliza kibanda kina vitanda vingapi. Nikampelekea swali mmoja wa waongozaji wetu, mzee wa Marangu aliyepanda mlima zaidi ya nusu ya maisha yake. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, vibanda viko njia ya Marangu peke yake. Machame watu wanalala mahemani." Mgeni akaondoka. Aliandika kwamba kama hatujui wageni wetu wanalala wapi, hawezi kutuamini kwenye mita 5,895. Alikuwa na haki.

Baada ya hapo nikawa nashinda na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na wapishi kila wanaposhuka, nauliza kila kitu. Wanakula nini siku ya kilele, maji yanaganda saa ngapi, mgeni analia wapi. Maswali yale ndiyo yaliyokuja kuwa video zetu, na ndiyo yaliyoleta watu. Nikajifunza pia saa. Nilikuwa naweka video saa 3 asubuhi nikiwa nimeamka vizuri, wakati New York watu wamelala fofofo. Nikahamia saa 2 usiku, ambapo kwao, majira yao ya joto, ni saa 7 mchana na mtu yuko na chakula chake na simu mkononi. Maana yake ni kwamba nilikula chakula cha usiku nikijibu meseji kwa mwaka mzima. Kama hutaki kujibu usiku, usifanye kazi na kampuni za utalii, tafuta wateja wa hapahapa, nao wana hela.

Wageni wakaja. Halafu ikaja masika, Machi mpaka Mei, msimu wa chini, na mshahara ukakatika. Mwezi wa kwanza nikaambiwa vumilia. Wa pili bosi hapokei simu. Wa tatu nikamkuta binti mwingine ameketi kwenye meza yangu.

Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani. Ule ukurasa ulikuwa umefunguliwa kwa namba yangu ya simu. Neno la siri nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Ningeweza kuufunga usiku ule, na rafiki zangu wote walinishauri niufunge. Nilimpigia mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Warudishie chao. Chako kitakuja na njia yake." Kesho yake nikaenda, nikabadilisha namba, nikawakabidhi, nikatoka. Mpaka leo shilingi 1,050,000 yangu iko kwao. Nikipita Sanawari na kuona gari lao, moyo bado unanipasuka. Miaka imepita, nimesamehe kanisani mara kadhaa, na bado.

Kwa hiyo ninaposema mkataba, mnielewe ninatokea wapi. Mkataba hata wa ukurasa mmoja: kazi gani, mara ngapi kwa wiki, hela kiasi gani, inalipwa tarehe ngapi, na mkiachana nani anabaki na nini. Kama mteja hataki karatasi, mtumie yale mliyokubaliana kwenye WhatsApp au barua pepe, na ajibu "ndiyo". Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokelewa kama ushahidi. Mimi sikuwa na ujumbe wowote, nilikuwa na kumbukumbu ya chai. Na ukurasa ufunguliwe kwa namba na barua pepe ya mwenye biashara, wewe uongezwe kama msimamizi kupitia Meta Business Suite, programu ya wenye Facebook na Instagram ya kusimamia kurasa za biashara, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, ili neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Hapo hakuna atakayekushuku, wala wewe hutashikwa na jaribu lililonishika mimi usiku ule.

Na mkataba. Narudia kwa sababu najua mnaruka.

Aliyenirudisha kwenye mstari alikuwa mama mmoja wa Moshi anayekodisha maturubai, viti na masufuria ya sherehe. Alikuja Novemba akilalamika kwamba alimpa kijana hela ya kusponsa tangazo, likaonekana na watu wengi sana Moshi mjini, simu haikulia. Nikamuuliza, mama, Desemba nani anakodi maturubai yako? Akacheka, akasema, "Si hawa wanaokuja kuhesabiwa." Basi. Kila mtu wa Kilimanjaro anajua kwamba Desemba ndugu wanapanda kutoka mjini, na harusi na mikutano ya ukoo inasubiri waje. Mwenye hela ya turubai, mwezi wa Novemba, yuko Dar es Salaam. Nikachukua shilingi 60,000, tangazo nikalielekeza Mbezi na Kimara, nikapiga picha turubai likiwa limefungwa kwenye mteremko katikati ya migomba, maana kila mwenye shamba la mlimani wasiwasi wake ni kama litasimama. Nikaandika bei ya siku na bei ya kupandisha mzigo mpaka Kibosho, Uru na Machame. Ilipofika Desemba 10 hakuwa na turubai hata moja ambalo halijakodiwa mpaka mwaka mpya. Alinilipa kabla sijadai, akaniongezea mbuzi.

Leo nina wateja wanne, na mwezi huu nimesaini wa tano, mkataba wa kurasa tatu, wenye muhuri. Niliusoma nikiwa nimesimama, kila mstari. Nilipofika kwenye mstari wa tarehe ya malipo nilikaa chini.

Sasa wewe, binti wa Njiro. Wafuasi wako 11,000 nimewaangalia. Wanapenda nguo zako na wanakutakia heri. Mwenye kampuni ya utalii anataka kujua kama unaweza kumletea mgeni mmoja anayelipa, na kwenye ukurasa wako hakuna mahali panapomwonyesha hivyo. Usinunue wafuasi wengine, nakuomba, wala usidanganywe na anayekuuzia. Acha kupeleka maombi kwa mwezi mmoja. Tafuta muuzaji mmoja wa kweli, mwenye njaa ya wateja, kaa naye. Siku ya kwanza mwulize simu ngapi zinaingia kwa wiki na anauza kiasi gani, uandike. Mwisho wa mwezi uandike tena. Karatasi hiyo ndiyo utakayoingia nayo ofisini.

Ukipiga picha watu, omba ruhusa. Namwona kila siku kijana anayemrekodi bibi wa Kimasai au mgumu aliyechoka, anatupia mtandaoni, anahesabu laiki. Yule ni mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini hata kabla ya sheria tulilelewa. Vijana wenzangu, tunataka kuheshimiwa na kazi hii, na sisi tuwaheshimu wanaotufanya tuonekane. Jibu wateja. Andika bei. Sema ukweli hata wa kisigino kilichochakaa. Usimwombe Mungu akufungulie milango huku meseji kumi na nne za wateja zimelala bila kujibiwa.

Nimezungumza na mama mdogo. Jumamosi hii anafungua belo la viatu vya watoto Kiboroloni, na amekubali uje, mwezi mzima, nauli juu yake na asilimia kumi ya utakachouza mtandaoni. Nimemwambia aiandike, na ameiandika, ninayo hapa. Belo linafunguliwa saa 12 asubuhi, kwa hiyo panda Coaster ya Ijumaa jioni. Uje na daftari na futi. Mimi nitakuwa pale mezani.