Ijumaa usimalizie hela ya tiketi mpaka viza ya mtoto itoke

Dada, usilipe yote. Nimesoma ulivyoandika kwamba binti yako wa chuo, miaka 19, anaenda Italia mwezi wa nane na wenzake, Roma, Florence na Pompeii, na huyo mratibu wao kawapa mpaka Ijumaa mmalizie hela yote ya tiketi eti bei inapanda. Umeuliza mengi, nguo, msosi, laini ya simu, hela ya mfukoni, usalama wa mabinti, na hayo yote yanangoja. Nakujibu la Ijumaa kwa sababu sentensi uliyoinukuu ndiyo hiyohiyo tuliyoambiwa sisi enzi zile nikiwa chuo: "viza ni ya grupu, haina shida, lipeni tiketi kwanza."

Kwa safari kama hii hakuna kitu kinaitwa viza ya grupu. Viza ya Schengen, ndiyo hiyo ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, kila mtu anaomba ya kwake. Fomu yake, paspoti yake, alama za vidole vyake, stetimenti yake ya benki au ya mzazi anayemlipia, na ubalozi unaamua jina kwa jina. Mnaweza kwenda siku moja, mmekaa benchi moja, aliye kulia kwako akapewa na wewe ukanyimwa. Kwetu ndo ilivyokuwa, baadhi walipata, wengi tukarudishiwa paspoti na ile karatasi yenye vijiboksi vya sababu, na mimi boksi langu lilikuwa lile la kwamba hawakuridhika kama nitarudi nyumbani. Tiketi ilikuwa imeshalipwa. Mzee wangu alitoa kwenye kiinua mgongo chake, mtu kafanya kazi bandarini maisha yake yote, halafu hela ikaenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi na risiti yenyewe ikawa meseji ya wasap "imeingia, ubarikiwe". Tulipodai tukaambiwa tiketi ni ya aina isiyorudishwa, hela iko kwa shirika la ndege, subirini. Mpaka leo.

Na ngoja nieleze kwa nini hawa watu wanasukuma hivi, maana mimi nilikuja kuelewa baadaye sana kutoka kwa jamaa anayekatisha tiketi mjini. Nauli ya kundi mashirika mengi wanaanzia watu kumi kwenda juu. Mratibu anashika viti, anaweka advansi, anapewa tarehe ya kupeleka majina na hela yote. Watu wakipungua chini ya idadi ile bei inaweza kupigwa upya kwa waliobaki, au advansi inaliwa. Na kuna kampuni za safari za wanafunzi zinampa kiongozi nafasi ya bure akifikisha idadi fulani. Kwa hiyo Ijumaa ni tarehe yake yeye na shirika la ndege, siyo tarehe ya binti yako. Yeye hasara yake anaihamishia kwako mapema ili viza ikigoma iwe imekukuta wewe, ameshatoka. Sisemi wote ni matapeli, wengine wanaamini kabisa wanachosema, lakini hela ikipotea inapotea vilevile.

Sasa watakwambia ubalozi unataka tiketi. Ubalozi unataka kuona bukingi, mpango wa safari, siyo tiketi iliyokwisha lipiwa, na balozi nyingi zenyewe zinashauri usinunue kabla ya jibu. Bukingi inashikwa bila kulipa yote, wakala yeyote wa maana wa pale Posta au Kariakoo anajua kuifanya. Hotelini ni hivyohivyo, chukua ile inayokubali kukansel bila makato. Kinachopotea viza ikikataliwa ni ada ya viza, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hiyo hairudi hata ulie. Pamoja na bima, kama kampuni ya bima hairudishi. Nenda kampuni inayorudisha viza ikigoma, na iwe inafunika angalau euro 30,000, chini ya hapo hawapokei. Ukipoteza hizo utaumia, ila mtoto ataendelea na ada ya chuo mwaka ujao. Ukipoteza tiketi ya mamilioni hapo ndo nyumba inatikisika.

Muda mnao mkianza sasa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, jibu kwa kawaida ndani ya siku 15 lakini wakitaka kuchunguza zaidi inaweza kufika 45. Kwa hiyo mtu anayekwambia "lipeni sasa viza tutashughulika mwezi wa saba" huyo mkimbie. Paspoti ya binti iwe bado hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko.

Na barua asiandikiwe na mratibu. Yetu iliandikwa moja ikapigwa kopi, majina tu yakabadilishwa, afisa wa viza anazisoma zote mezani kwake siku hiyohiyo, atashindwaje kuona? Halafu tukaambiwa tuweke hela kwenye akaunti wiki ile tuprinti stetimenti halafu tuzitoe. Stetimenti inaonyesha miezi yote, hela iliyoangukia jana inajieleza yenyewe. Binti hana mshahara na hakuna ubaya, wewe ndo mdhamini wake, peleka stetimenti yako halisi ya miezi kadhaa, leseni ya biashara na karatasi za kodi za TRA kama ni biashara, cheti chake cha kuzaliwa cha RITA kionyeshe ni mwanao, na barua ya chuo inayosema yuko mwaka wa ngapi na masomo yanaanza tena lini. Hiyo ya mwisho ndo inajibu swali la kurudi. Mimi sikuwa nayo, niliambiwa haina umuhimu.

Halafu hiyo ratiba ya mratibu uliyoibandika, niliisoma mara mbili. Jumapili ya pili ya Agosti kaandika Sistine Chapel. Kanisa hilo watalii wanaingilia kupitia makumbusho ya Vatican na makumbusho yanafungwa Jumapili zote isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Kaandika pia tiketi za Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, za punguzo la vijana euro 2. Punguzo hilo ni la raia wa Umoja wa Ulaya wa miaka 18 mpaka 25, mtoto wa Tabata halimhusu, labda angekuwa chini ya 18 angeingia bure. Na tiketi za Colosseum zinaandikwa jina la mtu na mlangoni wanaangalia na kitambulisho, kwa hiyo hata hizo hazinunuliwi kabla hujajua nani kapata viza na nani kakosa. Mtu ambaye hajahakikisha siku ya kufungwa kwa makumbusho unamkabidhije hela zote?

Italia yenyewe mtoto aende, tafadhali, naomba nisieleweke vibaya. Colosseum, jengo lililozinduliwa mwaka 80, bado limesimama, na Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, unatembea ndani ya barabara zake, mtu wa miaka 19 akiviona hivyo vinamkaa. Nilivitaka sana.

Nguo: abebe kanga au mtandio mkubwa, makanisani mabega na magoti yafunikwe. Pompeii kivuli ni kidogo na Agosti kunachoma, maji na kofia. Mengine watakujibu waliofika.

Ijumaa mwambie mratibu hivi: utalipa advansi tu, kwenye akaunti ya kampuni, kwa mkataba wenye mstari unaosema viza ikikataliwa inarudi kiasi gani na ndani ya siku ngapi, salio siku viza ikibandikwa kwenye paspoti. Akikubali, piga picha huo mkataba kabla hujasaini uuweke hapa, ufiche majina, tuusome wote.